Ufagio Nyuma ya Bi Dorota

Saa tatu asubuhi, Chicago. Theluji imeziba mlango wa gereji, na Bi Dorota Wieczorek, mwenye umri wa miaka 63, amesimama mbele ya mashine ya pinball, mchezo wa gololi ya chuma inayogonga shabaha chini ya kioo, iliyofunuliwa nyaya zake zote. Mkono wa kulia umeshika bisibisi. Wa kushoto ameutia kwenye mfuko wa aproni.

Si kwa sababu ya baridi. Ni woga, na mwenyewe hafichi.

"Umeme ukiingia mkono huu ukatokea huu, unapita moyoni," anasema. "Ndiyo maana mmoja unakaa mfukoni."

Mashine ni ya mwaka 1961. Kioo chake kimechorwa minazi, kasuku na bahari ya buluu. Bi Dorota husaka mashine za michoro kama hiyo tu, kwenye baa zilizofungwa na nyumba za marehemu; hii aliinunua dola 250. Alifunga nyaya kwenye kiwanda cha mashine hizi miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipokufa, yeye na mumewe Kazik wakaanza kuzigeuza mashine kuukuu: kila shabaha inapewa kengele yenye mlio wake, ili wasioona wacheze kwa masikio.

Tatizo ni kwamba hitilafu nyingine hazionekani mpaka umeme uwemo. Kwa hiyo Kazik alikuwa akisimama nyuma yake na ufagio wa mpini mkavu wa mti, usiopitisha umeme, tayari kumsukuma atoke kwenye nyaya. Siku moja alimsukuma kweli, vidole vya mkewe vikiwa vimeshaungua.

Februari iliyopita Kazik alifariki kwa maradhi ya moyo. Tangu hapo mashine hii haijawashwa.

Anayeingoja ni Cleophus Tatum, rafiki wa marehemu, mzee wa miaka 70 asiyeona tangu utotoni. Leo amekuja mwenyewe, akapapasa ukuta mpaka akaupata ufagio.

Bi Dorota alitaka kucheka, akashindwa. "Shemeji, utajuaje nimepigwa shoti?"

"Wewe ongea. Ukinyamaza, nasukuma."

Mjane aliyemaliza karibu mwaka mzima hana la kusema na mtu, leo hana budi kusema mfululizo. Mpini unamgusa bega. Anawasha, mashine inanguruma, naye anaanza kutaja anachokiona kiooni: mnazi wa kwanza, mnazi wa pili, kasuku aliyebanduka bawa. Cheche inaruka. Maneno yanamkatika.

Mpini unamtupa mpaka ukutani.

"Mzima mimi," anasema akihema. "Niliogopa tu."

"Basi ogopa kwa sauti, shemeji."

Mashine sita nyingine zinangoja chini ya maturubai. Anataka zote zifike kwenye ukumbi wa wasioona wa mtaani kwao kabla ya majira ya kuchipua. Hajui kama moyo wake utazifikisha, ila kuwasha peke yake, hathubutu.

Anajifuta jasho, anarudisha mkono wa kushoto mfukoni, anasubiri mpini umguse tena bega.

"Mnazi wa kwanza," anasema.