Rekodi Iliyokuja Kila Saa Saba Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kompyuta. Nilipewa kiti, rula ya mbao na rundo la karatasi zilizochapwa, kisha Mkuu wa Kitengo akaniambia nitie alama nyekundu kila nitakapoona jambo lisilowezekana. Nilikuwa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Chemchem, Tabora, nimetoka chuo cha uhazili na vidole vyepesi, nikidhani nimeajiriwa kupiga taipu. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimekutana na bwana wa miaka mia mbili na kumi, mama aliyekuwa mdogo kuliko mwanawe wa kumzaa, na mwanamke aliyezaliwa wiki ijayo.

"Umewaona?" Mkuu aliniuliza.

"Nimewaona, mzee."

"Hao hawapo. Lakini mashine inawaamini kama inavyokuamini wewe. Tunataka wewe uwazuie mlangoni."

Mlango huo ndio tunaouita uhakiki. Ninyi vijana mnaoandika programu mmejilaza kochini labda mnauona kama jambo dogo, mistari michache ya kumwuliza mtumiaji kama ana hakika. Enzi zetu ulikuwa nusu ya kazi. Mtu akiandika herufi mahali pa namba, programu imrudishe. Akiacha wazi sehemu ya lazima, imsubiri. Umri ukipita ukomo uliowekwa, ikatae, na ikatae kwa maneno ya adabu, kwa sababu upande wa pili wa kioo kuna binadamu aliyechoka. Mimi nilijifunza haya usiku na mchana, nikaharibu mengi, nikatukanwa kistaarabu, na baada ya miaka mitatu nikawa mwandishi wa programu kamili. Wakati huo tulikuwa wanawake wawili tu kwenye jengo zima, na mwenzangu alikuwa mpishi wa chai.

Rekodi zilizokataliwa hatukuzitupa. Ziliingia kwenye faili lake, na kila Ijumaa nililichapa na kulisoma. Waliomo niliwapa jina la waliokataliwa. Niseme ukweli, sikupenda kuisoma orodha hiyo nikiwa peke yangu. Hao watu wasiowezekana walikuwa na majina ya baba zao, na vijiji, na kabila. Mara nyingine jina lilelile lilirudi Ijumaa tatu mfululizo na umri uleule usiowezekana, nami nilijikuta nageuka kuangalia mlango wa ofisi. Nilijicheka, nikafunga jalada.

Baadaye nilipelekwa Nzega kufundisha makarani, na nikakaa Puge, kijiji cha wilaya hiyo, karibu mwaka mzima. Mkuu wa huko alikuwa Mmoraviani mpole asiyependa makelele, na yeye ndiye aliyenitoa ujinga wa kumlaumu mtumiaji. Nilikuwa nalalamika kwamba wazee wote wa wilaya wamezaliwa tarehe mosi Januari.

"Programu yako inakubali mtu asiyejua siku yake ya kuzaliwa?" aliniuliza.

"Haikubali. Tarehe ni lazima."

"Basi ni wewe uliyewazaa wote Januari mosi, Bi Mwamvua. Hongera kwa wingi wa watoto."

Makarani walicheka mpaka kalamu zikaanguka. Niliona haya, na somo lile niliandika kwenye daftari. Ningelikumbuka vizuri zaidi, nisingekuwa na kisa hiki cha kuwasimulia sasa.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilirudishwa Tabora kwenye mradi wa kuandikisha watoto kwa ajili ya chanjo. Zahanati zilipewa kishikwambi, kile kioo cha kubonyeza kikubwa kuliko simu, na muuguzi akimwandika mtoto, taarifa zilitua kwenye kompyuta yetu mjini. Masharti ya mradi yalikuwa makali: mtoto bila namba ya usajili hapati sindano ya mradi, arudi atakapokuwa na namba. Mratibu wa Mradi alikuwa kijana msafi kutoka Dar es Salaam, mwenye haraka ya kila kitu.

"Bi Mwamvua, watoto wanaandikwa mara mbili mbili," alisema siku moja. "Wakubwa wananiuliza. Nataka kila mtoto aonekane mara moja tu, period."

Nikaandika kanuni siku hiyo hiyo. Namba ya kadi ya mama ikiwa ni ileile, tarehe ya kuzaliwa ileile na jinsia ileile, programu ihesabu kwamba ni mtoto yuleyule, imkatae wa pili. Jina la mtoto niliacha makusudi, maana karani mmoja huandika Kashinde na mwingine Kashindye, na mashine huwaona hao ni watu wawili. Niliona nimefanya kazi safi. Ujumbe niliouweka ulisomeka: "Mtoto huyu ameshaandikwa. Tafadhali usirudie." Hata neno tafadhali niliweka.

Kwenye kompyuta yangu niliweka mlio mdogo, upige kila rekodi inapokataliwa. Wiki za mwanzo ulipiga sana, kisha ukapungua, kisha ikabaki rekodi moja. Ilikuja saa saba mchana. Mama mwenye kadi ileile, mtoto wa kike, zahanati moja kando ya reli, mbele ya Kigwa. Kesho yake saa saba ikaja tena. Niliitumia zahanati ujumbe: acheni kurudia rekodi iliyokwisha kukubaliwa. Muuguzi akajibu, "Sawa." Saa saba mlio ukapiga.

Iliendelea hivyo miezi mitano. Siku za mawingu haikuja. Siku za jua kali haikukosa hata moja, ofisi imenyamaza, wenzangu wamekwenda kula, feni inazunguka, na mlio unapiga mara moja tu. Nikaanza kwenda kula mapema ili nisiwepo. Hatimaye nilimpigia simu muuguzi, dada mmoja aitwaye Veronika, nikiwa na hasira.

"Veronika, kwa nini unaniandikia mtoto huyo kila siku?"

"Shikamoo, mama. Mimi sijagusa kishikwambi tangu Jumatatu. Nipo msibani Urambo, zahanati imefungwa."

"Leo umetuma."

"Leo hakuna mtu kule, mama."

Nilikata simu. Orodha ya waliokataliwa nilikuwa nimeitengeneza fupi, ikionyesha kadi, tarehe, jinsia na sababu tu. Siku hiyo ndiyo nilifungua rekodi nzima kwa mara ya kwanza. Jina la mtoto: Doto.

Mtu aliyekulia Tabora hahitaji kuelezwa, lakini kwa wageni nieleze. Huku kwetu pacha wa kwanza kutoka huitwa Kulwa, wa pili huitwa Doto, na atakayezaliwa baada yao huitwa Shija. Ukuta wa nyumba yetu Chemchem umepakana na nyumba ya Kulwa na Doto, nimecheza nao rede. Na bado nilikaa kwenye kiti cha ofisi nikaandika kanuni inayosema kwamba mama hawezi kuzaa mabinti wawili siku moja.

Nilitafuta Doto wote waliomo kwenye kanzidata yetu. Wale wa jinsia moja na Kulwa wao, tangu kanuni yangu ianze, wote walikuwa wamezaliwa siku moja baada ya Kulwa. Wote kabisa, toka Igunga mpaka Sikonge, kana kwamba mama zao walipumzika usiku mmoja katikati. Wauguzi walikuwa wameugundua mlango wangu na kuuzunguka kwa kusogeza tarehe. Mmoja tu hakusogeza. Veronika alikuwa mtu mkweli.

Nilichukua gari la ofisi kesho kutwa yake. Barabara ile inaifuata reli, na reli yenyewe inafuata njia waliyopita wapagazi wa zamani wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na vijiji vingi vilianza kama vituo vyao vya kulala. Veronika alikuwa amerudi. Alinionyesha kishikwambi kikiwa juu ya rafu, kimeunganishwa na paneli ya jua.

"Jua likikolea kinawaka chenyewe," alisema. "Kikiwaka kinatafuta mtandao, kikiupata kinatuma kilichobaki. Kimebaki kimoja tu."

Tulikaa kwenye benchi tukakitazama. Saa saba kikawaka, hakuna aliyekigusa. Kamstari ka kutuma kakajaa polepole, halafu yakatokea maneno yangu yenye tafadhali, halafu kioo kikazima. Mimi ndiye niliyekitengeneza kijaribu tena mpaka rekodi ikubaliwe, nikasahau.

"Na Doto mwenyewe yuko wapi?" niliuliza.

"Alifariki, mama. Surua ilipita hapa. Kulwa alikuwa amechanjwa. Doto nilimwambia mama yake arudi akipata namba."

"Mbona hukuandika kifo?"

"Niliandika. Kikakataa. Kikasema huyu hayupo, hawezi kufa."

Hiyo nayo ilikuwa kanuni yangu. Kifo hakiandikwi bila usajili. Nililia pale pale kwenye benchi la wagonjwa, na Veronika akaniacha nilie.

Mama wa watoto anaitwa Nyamizi. Tulimkuta uani, Shija mchanga mgongoni, na kwenye kamba magauni mawili madogo ya rangi moja, moja limepauka kwa kuvaliwa na jingine jipya kabisa. Kulwa alikuwa amesimama, uso ameuelekeza njia ya zahanati. Alikuwa na miaka miwili, na alikuwa amekonda mno. Alipotuona akakaa mkekani, kisha akajisogeza kando kidogo, kama unavyompisha mtu.

"Shikamoo, mayu," Nyamizi aliniamkia, mayu ikiwa ni mama kwa Kinyamwezi. "Veronika amesema ndiwe mwenye mashine."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi. Kosa ni langu, si la Veronika."

Aliweka bakuli mbili za uji mkekani. Kulwa alisubiri mpaka ya pili ikae mahali pake ndipo akaanza kula.

"Bila ile ya pili hali chakula," Nyamizi alisema. "Na jua likifika utosini husimama akaangalia njia, kila siku. Mama mkwe anataka tufanye shughuli ya kumuaga pacha, ndipo huyu apone. Nimegoma. Nitamuagaje mtu ambaye zahanati wanasema hakuzaliwa? Siku ile nilizaa mara mbili, mayu. Mwandike kwanza. Akishaandikwa, nitamwacha aende."

Mratibu alinishangaa niliporudi. "Unataka kumwandikisha mtoto aliyekwisha kufa?"

"Nataka kumwandikisha mtoto aliyezaliwa," nilimwambia, na nadhani nilimpigia kelele, kwa sababu hakubisha.

Kanuni niliibadilisha jioni hiyo. Sasa mtoto wa pili hakataliwi, programu inauliza tu: je, hawa ni mapacha? Wakati huo huo nikaruhusu tarehe za kweli za wale Doto wengine zirudishwe. Kesho yake sikwenda kula. Saa saba mlio haukupiga. Kwenye kioo likatokea neno moja, "Imekubaliwa," na simu yangu ikaita. Alikuwa Veronika, Nyamizi yuko naye.

"Mayu, yumo?" Nyamizi aliuliza.

"Yumo."

"Anaonekanaje?"

"Yuko chini ya Kulwa. Jina, siku ya kuzaliwa, namba. Na hali. Hali inasema hai."

Veronika aliuliza kwa mbali kama aandike kifo sasa.

"Mwache leo," Nyamizi alisema. "Kesho mtaandika. Leo mwacheni hivyo hivyo."

Nikamwacha. Jioni orodha ya wito, ya watoto wa kuitwa zahanati kuchanjwa, ilijichapa kama kawaida, Kulwa na Doto wakifuatana, wote hai. Asubuhi Veronika aliandika kifo kwa tarehe yake ya kweli, na programu ikakipokea bila swali. Jumamosi wakafanya shughuli yao ya kumuaga, nami nilialikwa, nikaenda.

Nimestaafu sasa. Asubuhi nawafundisha wajukuu wa jirani, mchana nashona kidogo kwa cherehani ya marehemu baba. Mkiniuliza nini cha kuwaachia, nitasema mlango ni lazima uwepo, kwa sababu wa miaka mia mbili na kumi wataendelea kuja. Lakini kila mnayemkataa, fungueni rekodi yake nzima mkaisome, na msome siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa miezi mitano. Sijajisamehe na sitafuti mtu wa kunisamehe. Siku za jua, ikifika saa saba, bado kazi inanitoka mikononi.

Ile karatasi ya wito ya jioni ile, yenye Kulwa na Doto wote hai, niliomba niondoke nayo. Mwezi uliopita Nyamizi alikuja mjini kliniki na Shija, akapita kunisalimu. Kulwa alikuwa naye, amenenepa, msemaji, mwenye gauni lililokuwa jipya siku ile. Bado hajaanza hata shule ya awali. Nilimpakata, nikafunua karatasi, nikaweka kidole kwenye jina lake.

"Huyu ni wewe," nilimwambia.

Alikitazama kidole changu kwa muda. Kisha akakishika kwa mkono wake mdogo, akakishusha mstari mmoja chini, akakiacha hapo.