Mitutu Minne Ndani ya Furu ya Mkate

Asubuhi hiyo tulikuwa watano nyuma ya nyumba yetu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitinda mimba wetu, ambaye kikohozi kilimzuia kwenda shule, jirani yetu, mama wa Bukavu mwenye furu, tanuri la udongo la kuokea mkate, na mzee mmoja wa Kindu aliyekuja mapema kungoja mikate ya arobaini ya marehemu mke wake.

Wazazi wetu walituacha nikiwa darasa la saba. Niliacha shule, nikachukua sanduku la vifaa la baba, na tangu hapo natengeneza vyerehani vya mafundi wa kambi. Mdogo wangu ndiye aliyetangulia kupata kazi ya nje. Kuna uwanja pembeni ya Lilongwe ambako watu wa maofisini huenda Jumamosi kuwindana kwa bunduki za mchezo, zile zinazorusha vidonge vya rangi. Yeye hujaza hewa kwenye mitungi na kusafisha bunduki. Siku moja bosi wake alilalamika kwamba mitutu mipya, iliyo ya inoksi, chuma kisichoota kutu, inang'aa juani mpaka mchezaji aliyejificha anaonekana kutoka mbali. Mdogo wangu akadakia, "Yaya wangu anageuza chuma chochote kuwa cheusi." Yaya, dada mkubwa, ndiye mimi.

Bosi alimpa barua ya kuonyesha njiani, mitutu minne na vipande vinne vya ndani, vile vinavyokwenda mbele na nyuma kusukuma kidonge. Alimwambia: virudi vyeusi, weusi usiobanduka, kabla ya Jumamosi, na mdogo wangu ndiye atakayekuwa msimamizi wa bunduki zote. Vikirudi vimeharibika, na yeye asirudi kazini.

"Kwa nini umesema hivyo?" nilimuuliza.

"Si unafanyaka hivyo na pedali za vyerehani?"

Ni kweli. Pedali au skrubu iliyoota kutu huwa naisugua, naitia kwenye makaa hadi iwe nyekundu, kisha naizamisha kwenye mafuta machafu ya gari. Hutoka nyeusi kama chungu, na hukaa miaka. Baba alifanya hivyo, nami sikuwahi kufikiri kwamba kuna chuma kinachoweza kukataa. Nilijaribu kipande kimoja cha ndani. Kilitoka kahawia huku, samawati kule, na nilipokifuta, weusi wote ukabaki kwenye kitambaa. Nikarudia. Mara ya pili kikatoka kibaya zaidi. Usiku huo sikulala vizuri, na hata mchana nilikuwa nainuka kwenye kiti kila dakika kwenda kukitazama, kana kwamba kitabadilika chenyewe.

Nilichukua ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Lilongwe, nikatembea karakana hadi karakana nikiwa na mtutu mmoja ndani ya kitenge. Fundi mmoja wa kupaka magari rangi ndiye aliyenisikiliza. Aliugonga mtutu kwa ukucha na kuniambia kwa Kichewa kwamba chuma hiki hakishiki kutu kwa sababu kina ngozi, na ngozi hiyo hiyo ndiyo inayokataa moto na mafuta yangu. Akanipa njia tatu. Ya kwanza, rangi ya unga inayochomwa kwenye tanuri: ngumu sana, lakini nene, na kipande cha ndani kingekwama. Ya pili, rangi ya kauri, nyembamba na bora kuliko zote, lakini huagizwa Afrika Kusini na mimi nilikuwa na siku tatu. Ya tatu, rangi ya ekzosi, bomba la moshi la gari, ya kupuliza.

"Hiyo itabanduka," nilisema.

"Ukiipuliza juu ya mng'ao, itabanduka. Kijeruhi chuma kwanza. Halafu uichome, ipoe, uichome tena. Na usipake popote chuma kinaposuguana na chuma."

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini, kwa sababu ni sheria ya cherehani pia. Nilichagua ya tatu. Vipande vya ndani niliviacha vyeupe. Havionekani, na kile nilichokichoma nilikisugua mpaka kikarudi karibu na rangi yake. Mitutu niliikwangua kwa msasa upande wa nje tu, nikaziba matundu, nikaiosha, nikapuliza rangi mikono mitatu myembamba. Kilichobaki ni moto, nao moto wa kutosha na ulio sawa pande zote ulikuwa kwa mama wa Bukavu.

"Binti, unaniletea bunduki mu furu?" alisema. "Yezu akirudi leo, atanikuta nachoma bunduki."

"Ni ya kucheza, mama."

"Bakubwa banacheza na bunduki? Haya. Mkate ya kwanza ikitoka, utie. Lakini ya mzee inaingia nyuma yake, unasikia? Isinuke."

Nilitia, nikatoa, nikangoja ipoe, nikatia tena. Moshi mkali ulitoka mlangoni. Mdogo wangu alizunguka na begi mgongoni akisema gari litamwacha. Nilipoitoa mara ya pili nilikwangua mtutu mmoja kwa msumari, nikausugua kwa petroli. Weusi haukutoka. Mama akauliza kutoka ndani kama harufu imeisha. Niliinama mlangoni mwa furu. Haikuwa imeisha.

"Imeisha, mama," nilisema, na mikate ya arobaini ikaingia.

Mdogo wangu aliondoka mbio. Ndipo nilipokumbuka kizuizi cha polisi. Nilikwenda mjini na bomba linalong'aa. Yeye anakwenda na mitutu minne myeusi, na ni mkimbizi. Sikuweza kukaa wala kusimama. Simu ililia.

"Yaya, banasema ni ya kweli."

"Waonyeshe barua ya bosi."

"Baliisoma. Banasema karatasi haizuie risasi."

"Una kidonge cha rangi?"

Alikuwa nacho mfukoni. Nilimsikia akisema zikomo, zikomo, samahani kwa Kichewa, kisha kelele, kisha vicheko. Askari alikuwa amekipasua mwenyewe, na mkono wake wote sasa ulikuwa wa manjano. Wakampitisha.

Nilipogeuka, mikate ilikuwa imetoka. Mzee alimega kipande, akatafuna polepole, akakiweka chini.

"Marehemu hakupendaka garaji," alisema. Akaenda kununua mihogo badala ya mikate.

Mama alinusa mkate, kisha akanitazama. "Uliniambia imeisha."

"Niliona imeisha, mama."

"Uliona, ao ulitaka?"

Mitutu ilibaki myeusi Jumamosi ile na zilizofuata, na mdogo wangu ndiye anayeshika funguo za bunduki. Mzee nilimwendea nikamwomba radhi, akanipa mkono. Lakini udongo wa ile furu ulikunywa moshi, na kila alichooka kikanuka. Kwa hiyo mama hubeba unga uliokandwa hadi kwa rafiki yake upande wa pili wa kambi, beseni kichwani, akipita mbele ya mlango wangu. Nimebomoa furu yote. Nimeleta udongo wa kichuguu kwa mikokoteni miwili, nikaukanda na majani, nikafyatua matofali. Kisha mvua ikaanza, na matofali hayakauki. Leo amepita tena, akanisalimu vizuri. Bado nina deni lake la furu nzima.