Shimo la Ndizi za Krismasi

Tarehe kumi na sita Disemba, asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa amekwenda kukamua ng'ombe kama kila siku. Nilijua kuna kitu kimeharibika kwa sababu ng'ombe alilia mara ya pili, na ng'ombe wetu alikuwa hanyanyui sauti tena akishaona mtu ameingia na ndoo. Nilimkuta mzee ameketi chini, ameegemea mbao za zizi. Ndoo ilikuwa katikati ya miguu yake, imesimama vizuri, tupu.

Binti yangu ameniambia niandike habari za baba yao kabla sijasahau. Nilisoma hadi darasa la saba tu, kwa hivyo sitaweza kuandika kila kitu. Nitaandika habari ya ndizi, kwa sababu hiyo ndiyo inayonirudia kila Disemba.

Hapa kwetu Kanja, ndizi za Krismasi hazinunuliwi. Siku kama kumi kabla ya sikukuu, mwenye boma hukata mkungu uliokomaa, akachimba shimo, akalitandika majani makavu ya mgomba, akauvumbika mkungu humo. Juu huweka majani mengine, halafu udongo. Ukihesabu siku vizuri, asubuhi ya Krismasi unafukua ndizi za manjano, zina joto kama mkate.

Shida ni wezi. Watoto wakijua shimo liko wapi, Krismasi inafika mkungu umebaki mti mtupu. Lakini mwizi wa kwanza katika nyumba yetu hakuwa mtoto. Nilikuwa mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, nikafukua shimo siku mbili kabla na kula ndizi tatu nimechuchumaa. Alipoona, nikamwambia ni panya.

Akaangalia alama za viatu vyangu vya matairi kwenye udongo. Akasema, "Panya wa boma hili anavaa akala."

Tangu hapo akaanza kuficha. Kila mwaka mahali papya. Mwaka mmoja alichimba ndani ya banda la mbuzi, akawaambia watoto kwamba mbuzi ndiye askari. Na kila mwaka, kabla ya kufukia, alikata chana moja ya ndizi, akaifunga peke yake kwa majani na kamba ya mgomba, akaiweka pembeni mwa shimo. Tukifukua alikuwa akiitoa hiyo kwanza na kuiinua juu. "Hii ni ya panya," alikuwa akisema, na watoto wanacheka, hata walipokuwa wakubwa wenye watoto wao. Mimi nilikuwa najifanya nimekasirika.

Sasa niseme jambo lenyewe. Tarehe kumi na tano, siku moja kabla ya kufa, alikuja nyuma ya jikoni nilipokuwa nachagua kahawa. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

"Mama, njoo nikuonyeshe mahali," akaniambia. "Mwaka huu nisije nikasahau mimi mwenyewe. Kichwa hiki kimezeeka."

Nilikuwa na kahawa ya kupeleka kiwandani kabla hawajafunga mizani. Mgongo ulikuwa unaniuma. Nilimjibu bila kuinua macho, "Niache na ndizi zako. Huoni niko na kazi? Utanionyesha kesho."

Akasema, "Haya," akaenda kunawa.

Hayo ndiyo maneno. Usiku tulikula, tukaongea kuhusu mvua iliyokataa kuisha, tukalala vizuri. Lakini kitu alichoniomba mara ya mwisho ni hicho, na nilikataa.

Watoto walifika. Mwanangu ni mwalimu Meru mjini, alikuja na mkewe. Binti yangu anafanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Timau, alikuja na wasichana wake wawili. Majirani walileta kuni za kupikia watu wa matanga, na mwanangu akaniuliza zipangwe wapi. Nikamwambia nyuma ya zizi, pale pakavu. Tulimzika tarehe ishirini na mbili, kwa sababu mchungaji alisema ikipita hapo ni sikukuu na hatakuwa na nafasi.

Wakati wa matanga sikukumbuka ndizi hata kidogo. Nilikumbuka tarehe ishirini na tatu, nilipomwona mkwe wangu akiosha sufuria kubwa za kanisa. Nikaweka chini kikombe changu, nikachukua jembe.

Nilichimba nyuma ya ghala, mahali pa mwaka uliopita, ingawa nilijua hakurudia mahali. Nilichimba chini ya mparachichi. Nikachukua fimbo nikaenda nikidunga udongo kwenye matuta, kama mtu anayetafuta viazi alivyosahau. Jirani yangu alipita njiani akaniona na nguo za matanga na jembe mkononi.

"Mama, pole," akasema. Halafu akashindwa kujizuia. "Kwani mzee alikuachia hazina?"

"Aliniachia ndizi," nikamwambia.

Alinitazama kwa huruma sana, akaenda zake. Najua alichowaambia wengine.

Binti yangu alikuja kuninyang'anya jembe. "Mama, tafadhali. Kaburi la baba bado lina maua mabichi, na wewe unachimba boma lote. Watu wataniuliza nilikuacha na nani."

Mwanangu akasema, "Nitakwenda Runyenjes kesho nikununulie mkungu mzima. Mzuri."

"Sitaki wa sokoni."

"Ndizi ni ndizi, mama."

Nilimwambia hajui anachosema, na nikamwambia kwa ukali. Yeye naye alikuwa amempoteza baba. Sikufikiria hilo wakati huo. Sikuwaambia kwa nini nazitaka. Niliona aibu.

Siku ya tarehe ishirini na nne mvua ilinyesha kutwa. Nilikaa mlangoni nikiangalia maji yakipita uani, nikifikiria ule mkungu mahali fulani ukioza kwenye tope, na chana yangu ndani yake. Wajukuu wawili walikuja wakakaa karibu nami. Mdogo alilala kwenye miguu yangu hadi ikafa ganzi, na sikumwamsha.

Asubuhi ya Krismasi niliamka kuwasha moto wa chai. Kuni zilikuwa zimebaki kidogo tu; matanga yalikuwa yamemaliza rundo lote. Nilikwenda nyuma ya zizi, nikainama kuchukua vipande vya chini, na harufu ikanipiga usoni. Harufu tamu, nzito. Vijidudu vidogo vilikuwa vinaruka juu ya mahali hapo, vile vinavyopenda matunda.

Ndipo nilipokumbuka. Siku ile niliyomwonyesha mwanangu mahali pa kuni, niliona udongo pale umelegea. Nikafikiri ni fuko. Mimi mwenyewe ndiye niliyeagiza kuni ziwekwe juu ya ndizi za mume wangu.

Niliita. Sikumbuki niliita nani. Wote walitoka, mwanangu akiwa na jembe.

"Weka jembe chini," nikamwambia. "Tumia mikono."

Tulipiga magoti, yeye upande mmoja na dada yake upande mwingine, mimi katikati. Joto lilitoka tulipoinua majani. Juu mkungu ulikuwa umepondeka na kuwa mweusi kwa uzito wa kuni, na upande mmoja maji yalikuwa yameingia. Upande mwingine ulikuwa mzima, manjano kabisa. Binti yangu akaingiza mkono pembeni, polepole, akatoa furushi lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Mafundo mawili. Kila mara alikuwa akifunga mafundo mawili.

Nilikuwa sijawaambia, na hapo nikaona siwezi kukaa nalo tena. Nikasema, "Aliniita nije nione mahali. Siku moja kabla. Nilimwambia aniache."

Nilisikia ng'ombe akicheua.

Kisha binti yangu akasema, bila kuniangalia, "Alinipigia simu Jumapili kabla hajafa. Nilikuwa kwenye foleni ya kulipwa mshahara. Nilimwambia nitampigia." Akafuta pua kwa mkono wenye udongo. "Sikupiga."

Mwanangu alikuwa bado amepiga magoti. Alichukua lile furushi mikononi mwa dada yake, akaliinua juu, juu kabisa, kama baba yake. Akasema,

"Hii ni ya panya."

Wasichana wakacheka, kwa sababu hivyo ndivyo walivyozoea. Mkwe wangu akacheka. Nami nikafungua yale mafundo. Ndizi mbili za mwisho zilikuwa zimeoza, nyingine zilikuwa zimeiva kupita kiasi, ngozi ina madoa meusi. Nilimenya moja nikala nikiwa nimechuchumaa palepale. Ilikuwa laini sana na tamu mno, na ilikuwa na harufu kidogo ya moshi na udongo. Nilikula mbili. Nyingine niliwapa, na haikuwa imewahi kutokea nikagawa chana hiyo.

Kengele ya kanisa ilipolia hatukuwa tumeoga wala kunywa chai. Tulinawa haraka kwa maji baridi, tukavaa, tukaenda. Tulifika wimbo wa pili umeshaanza, tukakaa kwenye benchi la nyuma, sote sita tumebanana. Kucha zangu zilikuwa na udongo bado.