Barua ya Silvestri na Kopi Zake

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga barua moja mara saba. Ilikuwa bandarini Bujumbura, katika ofisi ya watu wa kutoa mizigo, na mimi nilikuwa msichana wa Uvira mwenye diploma ya udaktilo, yaani kupiga chapa, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nyinyi vijana mnaobonyeza na kufuta hamtaujua uchungu wa mashini. Kati ya karatasi mbili unaweka kaboni, ile karatasi nyeusi ya kunakili, kisha unapiga. Ukikosea herufi moja umekosea kwenye kopi zote, na vidole vyako vimekuwa kama vya muuza makaa.

Shefu wa sekretaria, mkuu wetu sisi wapiga chapa, mzee mfupi mwenye miwani kwenye paji la uso, aliinua kazi yangu dirishani, akaisoma, akanirudishia.

"Binti, mwenye barua amesema 'naomba'. We umepiga 'ninayo heshima kubwa ya kuomba'. Nani alikutuma?"

"Nilitaka ipendeze, Shefu."

"Apana. We hapa ni mukono tu. Mutu akisema vibaya, piga vibaya."

Mara ya saba akasema "sawa". Baadaye nilikuja kujua kwamba "sawa" ya mzee yule ilitoka mara mbili kwa mwaka.

Pale ndipo nilipomjua Silvestri, mbeba mizigo. Meli za Kigoma zikifika, alikuwa akipita chini ya dirisha langu na gunia begani, akipaaza sauti: "Mademuazeli Mashini! Nipigie barua!"

"Ya nani?"

"Ya baba yako! Namuomba anipe we!"

Wenzake walicheka mpaka magunia yakayumba. Aka! Mwanaume wa kunichekesha hivyo ningemwachia nani? Tukaoana, tukapanga nyumba Musaga.

Baadaye nikapata kazi ya serikali kule Kigobe, kwa Madamu Direktere, mkurugenzi wetu, mwanamke mrefu aliyetembea kimya kabisa, kiasi kwamba ukimwona amesimama mezani kwako, umeshakosea zamani. Yeye alinifundisha krono, yaani faili ambamo kopi ya kila barua inayotoka inawekwa kwa kufuata tarehe. "Barua inaenda, kopi inabaki," alikuwa akisema. "Kama hauna kopi, haukuandika." Barua za wakubwa zikawa zinapita mikononi mwangu, nami nikajiona mkubwa pia.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la kidaktilo hasa. Silvestri alianza kubanwa na kifua. Daktari akamwambia aache magunia. Bandarini kulikuwa na kazi ya kulinda geti, ya kukaa kitini, ila ilitaka barua ya maombi. Akanitajia maneno yake nikiwa napika maharagwe, nikayaandika kwenye karatasi. Kesho yake nikaipeleka ofisini, nikaitia kwenye droo. Za wakubwa kwanza, ya nyumbani itangoja.

"Barua yangu iko wapi, Mademuazeli Mashini?"

"Iko kwa mashini."

Wiki tatu aliuliza akicheka, na wiki tatu nilimpa uongo uleule. Asubuhi moja akaanguka bandarini na gunia la chumvi begani. Walipokuja Kigobe kuniita, nilikuwa napiga mwaliko wa karamu ya wakubwa. Silvestri alikuwa amekwisha kufa.

Sikumwambia mtu. Msibani watu walinisifu kwa jinsi nilivyomtunza mume wangu, na kila sifa ilinichoma. Niliporudi kazini, vidole vikagoma. Nilikosea hata tarehe. Siku moja Madamu Direktere alifungua droo yangu akitafuta kaboni, akaikuta karatasi ile. Akaisoma amesimama. Nikamweleza yote, kamasi mpaka kidevuni.

"Haya ni maneno yake mwenyewe?"

"Ndiyo, Madamu."

"Basi saa sita watu wakienda kula, we ubaki upige. Kopi tatu."

"Nimpelekee nani sasa, Madamu?"

"Piga kwanza."

Nikabaki. Mara ya kwanza nilianza kuipamba, nikamkumbuka Shefu wa bandarini, nikachana na kuanza upya. Ilipoisha nikaingiza karatasi nyingine, nikamwandikia Silvestri mwenyewe: nilikudanganya, barua ilikuwa kwenye droo. Kila saa sita nikawa naandika. Kosa likiwa kichwani linazunguka tu, halichoki. Likiwa kwenye karatasi lina mwanzo na mwisho. Unaweza kulitia kwenye faili ukaenda kula. Nilianza kula tena, na mwili ukarudi.

Ikafika siku ya kuganduka, sherehe ya kuvua msiba. Warundi mnawajua: vinywaji vinatolewa na hotuba haziishi. Mjane naye lazima aseme. Mbele yangu alikaa mama mkwe. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, sikuwa na mama mwingine ila huyu, na niliogopa kumpoteza. Lakini sikuweza tena kusifiwa bure. Nikasimama, nikasema kosa langu lote, kisha nikasoma:

"Bwana Mukubwa, mi Silvestri. Naomba kazi ya kiti. Mi si muvivu, uliza bibi yangu, ye hasifu mutu bure. Kifua inanisumbua lakini macho iko muzima, mwizi hatapita. Na pale kwa geti nitaimba, hiyo ni zawadi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, machozi yakiwatoka. Mama mkwe hakucheka.

"Iko na kopi?" akauliza.

"Iko, mama."

"Lete."

Hakujua kusoma. Akaikunja, akaiingiza ndani ya kitenge chake. Aliendelea kuja kwangu kila Jumapili, tukala, tukasengenya majirani, lakini habari ya barua hakuigusa. Nami sikuthubutu kumuuliza kama amenisamehe.

Nilipostaafu, ofisi ilikuwa na kompyuta kila meza. Wakanipa mashini yangu ya zamani iwe kwaheri, pamoja na hotuba, bila shaka. Nikaiweka barazani. Siku hizi majirani wa Musaga huja, mmoja na msiba wake, mwingine na jambo alilomfanyia ndugu yake, nami nawapigia vile wanavyosema. Wakiniuliza kama inasaidia, nawaambia mimi nilinenepa.

Lakini mtu wa kwanza kukaa mbele ya mashini ile alikuwa mama mkwe, ambaye sasa anaishi kwangu na husikia pale anapotaka tu.

"Sasa hauna shefu," akasema. "Piga na yangu. Nimengojea sana ustaafu."

"Ya nani, mama?"

"Ya mutoto wangu."

Nikaweka kaboni. Akasema polepole:

"Silvestri, ulikuja kwangu ukasema kifua. Mi nikakwambia mwanaume hasemi kifua, kunywa maji ya moto, rudi kazini. Bibi yako alichelewesha barua, mi nikakurudisha kwa gunia. Ye alisema mbele ya watu. Mi niliogopa, nikachukua kopi nikanyamaza. Utusamehe sisi wote."

Vidole vikasimama. Miaka yote ile nilidhani ananihukumu, kumbe maskini alikuwa ananionea wivu.

"Mbona umesimama?" akafoka. "Piga vile nimesema."

Nikapiga vile alivyosema. Chini nikatia sahihi yangu. Yeye akasugua kidole gumba kwenye kaboni, akakikandamiza kando ya jina langu, akaitazama alama yake akiwa ameridhika.

"Sasa weka kwa faili," akasema, "tukule."