Kiti Changu kwenye Ndege ya Kalemie

Watu wakisikia kwamba zamani nilikuwa napanda ndege mara sita au saba kwa mwaka, wanadhani nilikuwa mke wa mkubwa. Mume wangu alikuwa fundi umeme kiwandani, na mimi nilikuwa nashona nguo za watoto kwa cherehani ya mkono. Ndege yenyewe ilikuwa na viti kumi na tisa. Kila Alhamisi ilitoka Lubumbashi, ikatua kwetu Likasi, ikaendelea hadi Kalemie, na Ijumaa ikarudi kwa njia ileile. Kule Kalemie, kando ya ziwa, alikuwako mama yangu. Aliishi peke yake, mimi ndiye mtoto wake pekee niliyebaki, na mtoto wa jicho alikuwa anamfunga macho yote mawili polepole. Nilikwenda kulala naye siku moja, kumwogesha, kumtilia dawa machoni na kugombana naye kidogo, kisha nikarudi na gunia la ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani. Ndagala hao ndio waliolipa safari iliyofuata.

Nikisema ndege, usifikirie mambo makubwa. Uwanja wetu ulikuwa kibanda cha mabati, karani mmoja na mizani. Kila abiria alipandishwa juu ya mizani pamoja na mzigo wake, maana kidege kile hakikutaka mchezo na uzito, na karani alisoma kilo kwa sauti mbele ya wote. Ukitaka kumjua mtu, mtazame anaposomewa kilo zake. Mzee mmoja aliyekuwa mkaguzi wa shule alitoa mpaka kalamu mfukoni. Mama muuza samaki, mnene asiye na aibu, alikuwa akimpigia karani kelele:

"Soma na nguvu, papa! Bwana yangu asikie namna ananilishaka muzuri!"

Sisi wa kila mara tulikuwa kama kumi na wawili. Tulijuana kwa viti. Changu kilikuwa cha tatu upande wa kushoto, na mgeni akikikalia nilimtazama hadi akahama mwenyewe. Kampuni ilitupa kadi nyekundu: kila safari karani alitoboa tundu, na matundu kumi yalikupa safari moja ya bure. Tulizitunza kadi hizo pamoja na vyeti vya ubatizo. Leo nacheka, lakini niseme ukweli, nilijiona mtu. Viwanda vilikuwa vinazimika kimoja baada ya kingine, mishahara ilikuwa hadithi, umeme wa bwawa la Koni ulikuja ukipenda, na bado Alhamisi ilikuwa Alhamisi. Ilimradi ndege ilikuja, mama yangu hakuwa mbali.

Siku moja tulikuta karatasi ya Kifaransa imebandikwa kibandani. Mzee mkaguzi akaisoma mara mbili, akavua miwani, akatueleza. Kampuni inapunguza safari zake za mikoani. Njia ya Kalemie ina abiria wachache na kiwanja cha Likasi kina majani na mashimo. Mjumbe atakuja kuangalia, kisha wataamua.

"Bantu kidogo?" mama wa samaki akauliza. "Na shiye tuko nini, mbuzi?"

Kila mtu akasema lake. Mwingine akataka twende Lubumbashi tukakae mlangoni kwa mkurugenzi. Mtawa mmoja, mpole siku zote, alitamka neno ambalo sitaliandika. Mimi nilimpigia kelele karani mpaka akaniuliza, "Mama, njo minye nilinunuaka ndege?" Nikaona aibu, lakini sikunyamaza. Ninapoogopa huwa nafoka, na siku ile niliogopa sana. Treni haikuwa ya kutegemea tena. Stesheni ya Likasi ilikuwa imejaa familia nzima za watu waliofukuzwa, na magodoro yao, wanangoja mabehewa wiki baada ya wiki. Walikuwa nani na nani aliwafukuza, kila mtu wa Likasi anajua, na mimi sina nguvu ya kulieleza hapa. Nasema tu kwamba kwa treni nisingefika kwa mama.

Basi tukafanya tulichozoea kufanya. Tangu enzi za chama kimoja tulifundishwa salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi, na wengi tuliichukia. Safari hii hakuna aliyetulazimisha. Jumamosi tatu mfululizo tulifyeka majani ya kiwanja kwa mapanga, tukaziba mashimo kwa kokoto, tukapanga mawe pembeni na kuyapaka chokaa ambayo waume zetu walitoa kiwandani. Hata waliokuwa hawajawahi kupanda ndege walikuja. Kiwanja kikang'aa. Mtawa alifyeka kuliko wanaume wote.

Wazo la masanduku lilikuwa langu. Naliandika wazi nisije nikamsingizia mtu. Nilisema: kiwanja tumekitengeneza, sasa mjumbe aone na abiria. Siku ya kuja kwake kila mmoja alete ndugu na majirani, wavae nguo za kanisani, washike masanduku kana kwamba wanasafiri. Wote wakanisifu. Asubuhi ile tulikuwa watu kama sitini pale kibandani, na mjumbe aliposhuka kwenye gari alitabasamu mwenyewe. Alitazama mawe meupe, akatazama umati, akaandika kwenye daftari lake. Mama wa samaki akanifinya kiuno kwa furaha.

Kisha mjumbe akasema kitu ambacho mimi, pamoja na ujanja wangu wote, sikukifikiria. Akasema kwa watu wengi hivi itabidi ajue uzito, ili ajue ni ndege gani itafaa. Tupite kwenye mizani.

Wa kwanza alikuwa shangazi wa mume wangu, na sanduku kubwa la kahawia. Karani akasoma: hamsini na tatu. Mjumbe akamwomba aweke sanduku chini. Karani akasoma tena, kwa sauti ya chini: hamsini na moja.

"Mama," mjumbe akasema, "mu valise muko nini?"

"Muko manguo," shangazi akajibu.

"Ya nani? Ya bamalaika?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu mjumbe alikuwa ameanza kuinua masanduku kwa kidole kimoja, moja baada ya jingine. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifunga daftari lake. Mama wa samaki alimkimbilia na sanduku lake mwenyewe lililojaa sabuni za kuuza Kalemie, akimwomba alipime, hili ni la kweli, apime tu. Mjumbe alikuwa amekwisha kuingia garini.

Karani aliniambia baadaye kwamba uamuzi ulishatolewa Lubumbashi kabla ya mjumbe kufika. Labda ni kweli, labda alinihurumia. Mama wa samaki hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi. Nilikuwa nimezoea kugombana, sikujua la kufanya na mtu anayenisamehe bila kuombwa.

Alhamisi ya mwisho ndege ilikuja kuchukua vitu vya kampuni: redio, kiti cha karani na mizani. Tulikuwa tumekuja wote, bila kuitana. Karani alichukua kadi zetu akazitoboa zote hadi mwisho, matundu kumi kila mmoja, ingawa hapakuwa tena na safari ya kudai. Rubani akatuambia kupitia mzee mkaguzi kwamba kuna nafasi, anayetaka kwenda Kalemie apande bila tiketi. Ila ndege haitarudi. Kutoka Kalemie inavuka kwenda ng'ambo ya ziwa, imeuzwa huko.

Nilikuwa na kikapu changu: kitenge, sukari, maziwa ya kopo, dawa ya macho. Nilikuwa nimekuja nacho bila kujiambia kwa nini. Nikapanda juu ya mizani kabla ya mtu yeyote. Karani akasoma kilo zangu na kuziandika. Mume wangu alikuwa kando, amembeba mdogo wetu, na wakubwa wawili wameshika suruali yake. Hakunikataza. Aliniuliza tu:

"Ukienda, utarudia lini?"

Nilihesabu kila njia niliyoijua, barabara, treni, mashua, na kila moja ilikatikia mahali. Niliwatazama wanangu, nikamwona na mama amekaa barazani Kalemie ametega sikio, na nikatamani mtu mwingine aamue. Hakuna aliyeamua. Nikashuka.

Aliyepanda kwa kilo zangu alikuwa jirani yetu, dada mmoja wa kikundi cha maombi, mdogo kwangu kwa miaka michache. Mume wake alikuwa ametangulia kwao ziwani baada ya kazi kwisha, naye alikuwa anamfuata. Dada huyu hakuwa mwongo. Ukimwonjesha chakula kibaya alikuambia ni kibaya. Nikampa kikapu na kumwelekeza nyumba ya mama.

"Yaya, nitamuambia nini?" akaniuliza, maana kwetu dada mkubwa ni yaya.

"Muambie nitakuya."

"Utakuya kweli?"

Nikamsukuma kuelekea ndegeni. Alikaa kiti cha tatu upande wa kushoto, nikamwona dirishani. Sikupunga mkono. Nilimwonea wivu, na naona haya kusema hivyo kuhusu mtu aliyenibebea mzigo.

Barua yake ilinifikia baada ya miezi saba, kwa mkono wa mfanyakazi wa reli. Aliandika hivi, nami nafupisha. Alipofika, mama alikuwa mlangoni tayari, amesikia ndege. Kabla dada hajatoa salamu, mama alimshika mikono yote miwili, akasema, "Mutoto yangu, umekonda." Dada alitaka kusema kweli. Aliandika kwamba neno lilikuwa mdomoni kabisa, akamtazama yule mama mzee usoni, likamshinda. Akaitika, "Ndiyo, mama." Akasema ana kikohozi, ili sauti isimfichue. Akamwogesha, akamtilia dawa, akapika. Jioni yote mama alimshika mkono akimsimulia nilivyokuwa mdogo: nilivyozaliwa, nilivyougua, mambo ya baba yangu, mambo ambayo mimi mwenyewe, aliandika, labda siyajui.

Asubuhi, alipokuwa anaaga, mama akamwambia: "Asanti sana, mama. Ukimuona mutoto yangu, umuambie nililala muzuri. Nilikujua toka ku mulango. Yeye anaingiaka na makelele."

Nilisoma hapo nikacheka kwa sauti, peke yangu jikoni, kisha nikalia mpaka mume wangu akatoka nje akaniacha. Mfanyakazi wa reli alikuwa bado amekaa sebuleni na chai yake. Alikuwa na neno jingine alilopewa njiani, naye alikuwa amengoja nimalize barua kwanza. Mama alikuwa amezikwa mwanzo wa mvua.

Mwisho wa barua dada aliandika kwamba hadithi alizosimuliwa jioni ile ni nyingi, karatasi haitoshi, na mkono wake si mwepesi wa kuandika. Amezishika zote kichwani, nisiwe na wasiwasi. Atanisimulia tukionana. Nilimwandikia mara nne, kwa watu wa reli, kwa wafanyabiashara, kwa padri mmoja aliyekuwa anakwenda upande ule. Baadaye vita vilipita huko, na niliowauliza waliniambia familia ile ilivuka ziwa. Hatujaonana.