Sauti ya Mama, Mdomo wa Mwalimu Veneranda

Ile dawa ya mafua inayouzwa kwenye kikopo kidogo, ya kupaka kifuani na puani, sipendi ifunguliwe karibu nami. Juzi kijana mmoja ninayefanya naye kazi alifungua ya kwake ofisini, nikatoka nje mbio. Akadhani nina mzio, nami nikamwacha adhani hivyo. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba nikiwa na miaka tisa nilipakwa dawa hiyo chini ya macho, ili nimlilie mama yangu mfu, wakati mama yangu alikuwa hai, amekaa sebuleni, hatua thelathini kutoka pale niliposimama? Ninyi nitawaeleza, ila msinihukumu haraka. Nimeshajihukumu vya kutosha.

Kwetu ni Kanazi, huko Bukoba. Baba yangu, Tata, alirudi mzima kutoka vitani, akaingia kwenye biashara ya kuvusha vitambaa mpakani. Risasi zilimkosa, Juliana akampata. Ndivyo tulivyouita ule ugonjwa wa kukonda siku za mwanzo, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyoingia nao pamoja. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, kama kila mtu anavyozikwa kwetu. Kaka yangu akaenda visiwani Muleba kuwafanyia kazi wavuvi, tukabaki wawili, mimi na Mawe. Ndivyo nilivyomwita mama.

Mawe alikuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya. Sauti yake haikuwa nyororo, ilikuwa na mkwaruzo kidogo, na akianza ubeti wanaume wazima walikuwa wanainamisha vichwa. Kwaya ilipoamua kutunga wimbo wa mtoto yatima, nani mwingine angeongoza? Waliurekodi kwenye kaseti, ukapendwa, ukapigwa kila duka lenye redio kuanzia kwetu hadi Bukoba mjini.

Halafu Mawe akaanza kukonda. Kwanza walimhamishia mstari wa pili. Kisha wa nyuma. Kisha wakaja wawili, wakakaa kwenye ukingo wa viti, wakamwambia apumzike, Mungu anaona moyo. Jamani, watu wa kwaya wana upole wa ajabu wanapomfukuza mtu!

Mwaka uliofuata wakatafuta hela wakamwita mpiga video kutoka Mwanza, Bwana Deo, aje autengenezee ule wimbo picha. Deo akataka vitu viwili: kaburi na mtoto. Kaburi likachaguliwa la Tata, kwa kuwa lilikuwa karibu na barabara na migomba yake ilikuwa imestawi. Mtoto nikachaguliwa mimi. Na mahali pa Mawe akawekwa Mwalimu Veneranda, aliyetufundisha hesabu darasa la tatu, mwanamke mnene, mwenye mashavu na meno mazuri. Angefungua mdomo, na sauti itoke kwenye kaseti. Sauti ya Mawe.

Asubuhi ya siku ile Mawe aliniamsha nikakate nyasi. Kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi mbichi sakafuni, nami nikazitandika sebule nzima mpaka nyumba ikanukia mvua. Yeye akavaa gauni lake la kwaya, lile la bluu. Lilikuwa limemzidi mara mbili, nikalibana mgongoni kwa pini nne. Akajipaka mafuta, akafunga kilemba, akakaa kwenye kiti kilichoelekea mlango, palipo na mwanga. Akanipa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna.

"Koku, ukimaliza kuigiza mpelekee yule bwana hizi. Mwambie mama anamkaribisha ndani. Aninase mstari mmoja tu, nikiimba mwenyewe."

"Wa nini, Mawe?"

"Wa kwako."

Sikuelewa. Nilichojua ni kwamba midomo yake ina vidonda, shingo yake imebaki mishipa, na video ile itaonyeshwa ukumbini mbele ya darasa la tatu zima.

Kazi ilianza saa tatu. Leo hii kazi yangu ni kukata na kuunga video za nyimbo, kwa hiyo najua kila alichokuwa anakifanya Deo, na alikuwa fundi, siwezi kumnyima. Wanakwaya aliwanasa akiwa amepiga magoti, kamera ikitazama juu, ili nyuma yao kuwe na mbingu tupu. Mimi alininasa akiwa amepanda juu ya meza. Mtu ukimchukua kutoka juu anaonekana hana mtu duniani. Alinirudisha mara saba nitembee kuelekea kaburini, polepole, halafu alipofika Mwanza akaupunguza tena mwendo, hivyo kwenye video mguu wangu unachukua muda mrefu kugusa ardhi, na mtazamaji anakaa anausubiri. Machozi yalipogoma kutoka akanipaka ile dawa.

"Usiniangalie mimi," aliniambia. "Angalia kaburi. Haya, nyanyua macho. Taratibu. Hapo hapo!"

Akasogea mpaka uso wangu ukajaa kwenye kioo cha kamera. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Watoto wenzangu walikuwa wamejipanga kwenye ua wa miti wananitazama, nikaona sijawahi kuwa mtu wa maana kiasi hicho. Redio ikapigwa, sauti ya Mawe ikalia kibanja kizima, Mwalimu Veneranda akafungua na kufunga mdomo. Mara mbili alikosea, akafunga mdomo kabla sauti haijaisha.

Walipomaliza nikakichukua kikapu. Nilikwenda hadi kwa Deo, maneno yakiwa tayari mdomoni. Nikawatazama wale watoto kwenye ua. Nikamfikiria Mawe ameketi mle ndani na gauni lake la pini. Nikanyoosha mkono, nikampa kahawa, nikanyamaza.

"Hizi za nini tena?" akauliza Deo.

"Za kutafuna."

Akatafuna mbili, akakunja uso, akacheka. Mtu wa Mwanza, angejuaje kwamba kwetu ukipewa kahawa umekaribishwa ndani? Lakini Mwalimu Veneranda ni Mhaya kama mimi. Alikiona kikapu, akautazama mlango wetu uliokuwa wazi, akanitazama mimi.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie sana. Tutakuja kumwona."

Akapanda gari, wakaondoka.

Ndani, Mawe alikuwa amekaa wima vile vile nilivyomwacha. "Yuko wapi?"

"Betri imeisha."

"Kahawa ametafuna?"

"Ametafuna."

"Basi atarudi," alisema, akajirekebisha kilemba. Alikaa na gauni lile mpaka jioni, na kila gari lilipopita barabarani alinyoosha mgongo. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya ndizi, nikajifanya sisikii magari.

Video ilionyeshwa baada ya miezi mitatu. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Deo alikuwa ameufanya uso wangu uyeyukie ndani ya uso wa Mwalimu Veneranda, kiasi kwamba ungeapa kwamba huyo ndiye mama yangu anayeniimbia kutoka mbinguni. Watu walilia, wacha kabisa! Wanawake walinikumbatia, nikapewa pipi, soda, na mmoja akanifunga kitenge chake mabegani. Wote walijua Mawe yuko hai. Wengine walipita mbele ya mlango wetu siku ile ile wakirudi makwao, macho bado mekundu, na hakuna aliyeingia kumsalimia.

Nilipofika nyumbani Mawe akataka nimsimulie yote.

"Veneranda ameimba vizuri?"

"Ameimba kwa sauti yako."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Maskini Veneranda," akasema, "ule ubeti wa tatu huwa unamshinda pumzi." Kisha akageukia ukutani. Wiki tano baadaye tulimzika pembeni ya Tata, na Mwalimu Veneranda akaongoza ule wimbo, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, na ubeti wa tatu ukamshinda kweli.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa mtoto, kwamba hata ningesema, Deo asingekubali. Asingeingia kwa mgonjwa wa aina ile, nani wakati ule aliingia? Uongo huo ulinitosha mpaka nilipokutana naye Mwanza, amezeeka, anauza vifaa vya picha. Nikajitambulisha. Akafurahi sana, akaniita yatima wake. Nikamweleza habari ya mama yangu na kahawa.

Akavuta kiti, akaketi.

"Ungeniambia tu, binti. Mke wangu mwenyewe nilikuwa nimemzika mwaka ule, kwa ugonjwa huo huo. Ningeogopa nini? Na kanda ilikuwa imebaki na dakika kumi. Sikutaka kurudi nayo hivyo, nikasimamisha gari pale barabarani, nikanasa migomba yenu mpaka ikaisha."

Alikuwa bado anayo ile kanda nzima, akanipa. Nimeitazama zaidi ya ninavyoweza kuwaambia. Leo naelewa Mawe alichokuwa anakitaka: alijua anakufa, alijua hatujawahi kuwa na picha yake hata moja, akataka kuniachia uso wake. Alinituma mimi, na mimi nilimwonea aibu.

Nina dakika kumi za majani ya migomba yakipigwa na upepo. Sura yake siikumbuki tena.