Aproni za Wachumaji wa Merigi

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, nilipofunga duka langu mjini Kericho na kurudi nyumbani Merigi na cherehani peke yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baba alikuwa ameuza mtamba wetu wa pekee nipate mtaji, na mimi, bila kuuliza mtu, nikafungua duka la magauni kwa sababu rafiki yangu alikuwa na duka la magauni. Tulikuwa sita kwenye laini moja tukiuza vitu vilevile na kuchunguliana. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao. Nyumbani sikuweza kumwangalia baba usoni.

Siku ya tatu akaja Senge, dada ya baba, ambaye alikuwa akichuma majani chai tangu kabla sijazaliwa. Hakunipa pole. Alisema tu, "Chelangat, kesho tunaenda kuchuma. Usivae vizuri."

Tulipomaliza mstari wa pili, sketi yangu ilikuwa imelowa umande hadi kiunoni na matawi ya chai yamenikwaruza mapaja. Wanawake wenzetu walikuwa wamejifunga magunia ya mbolea kwa kamba, nayo yalikuwa yanachanika.

"Umeona nini?" Senge akaniuliza tulipokaa kupumzika.

"Nimeona baridi, Senge."

"Hiyo tunaiona kila siku. Wewe una cherehani. Ulienda mpaka Kericho kutafuta watu wa kuvisha, na sisi hapa tumevaa magunia."

Nilikasirika, sitakuficha. Nilijiona fundi wa magauni, nikadhani ananishusha. Lakini mchana, nikikausha sketi yangu karibu na moto, hasira ikaisha na maneno yake yakabaki. Nikatafuta mabaki ya turubai la bluu kwa fundi anayeshona maturubai ya malori, nikashona aproni tano na kuwapa wachumaji.

Zote zilichanika kiunoni. Mama Rael, mchumaji mmoja wa hapo kijijini, aliirudisha yake kwenye kituo cha kupimia majani, mbele ya watu wote. "Msichana, hii yako imeshindwa hata na gunia," akasema. Watu wakacheka. Nilitaka kukimbia, mwanangu. Sijui ni nini kilichonishika pale, lakini nikamwambia, "Nionyeshe imechanikia wapi."

Akanivua koti, akanibebesha kikapu chake kimejaa majani. Hapo ndipo nilielewa. Kitako cha kikapu kilikuwa kinasugua mkanda wa kiunoni, kwa nyuma, kila mchumaji anapoinama. Mimi nilikuwa nimemshonea mtu aliyesimama wima mbele ya kioo. Nikaenda kushona upya, mikanda ikipitia mabegani, mshono mara mbili. Nikampelekea Mama Rael na kumwambia avae kwanza, habari ya pesa tutaongea baadaye. Aliivaa msimu mzima wa mvua bila kuchanika, na wenzake wakaanza kuniagiza zao mmoja mmoja.

Halafu Jumatatu moja nikafika kituoni na kukuta wanawake wamepanga foleni na vikapu vyao, zaidi ya nusu wamevaa aproni zangu za bluu. Mama Rael alikuwa anageuka mbele ya wenzake kama bibi harusi, akiwaonyesha mshono. Baba naye alikuwa pale na majani yake. Mzee mmoja akauliza hizo nguo zimetoka wapi. Baba, ambaye alikuwa hajataja habari ya duka langu kwa miezi, akasema kwa sauti, "Zimeshonwa na msichana wangu." Nilienda nyuma ya stoo nikalia kwa furaha.

Leo tuko wanawake tisa tunaoshona. Oda zinakuja kwa simu, kutoka Bomet mpaka mashamba makubwa ya Kericho, na picha ya kila aproni inatumwa kwa WhatsApp kabla haijafungwa.

Kwa hivyo, mwanangu, unapotafuta biashara na mkononi una kidogo, usianze kwa kuangalia duka la mwenzako. Angalia watu wako wanateseka wapi kila siku mpaka wamezoea, kisha ujiulize mikono yako inaweza kufanya nini. Anza na vichache. Na atakayekurudishia kitu kimeharibika, hata akikuaibisha, mketishe na umsikilize, kwa maana amekuja kukufundisha bila karo.

Mungu aibariki kazi utakayoichagua. Akupe macho ya kuona na moyo usiokimbia kicheko, na wazazi wako wakutaje kwa sauti mbele ya watu.